Namna ya Kuwa Bingwa wa Drifti pale Bukoto Bila Kushika Usukani

Njoo karibu, rafiki yangu. Unataka kusikilizwa unapozungumza baa, na hilo ni haki yako. Mpira hautakufikisha mbali, kwa sababu hapa Bukoto, Kampala, kila shabiki wa Arsenal ni kocha. Chagua drifti, mchezo wa kuserereka na gari kwenye kona. Washindani ni wachache, moshi ni mwingi, na mchezo wenyewe ni mtamu kweli. Gari la mashindano hulimudu, lakini utaalamu wake unapatikana bure.

1. Shika majina matatu, yanatosha. Keiichi Tsuchiya wa Japani ndiye mzee wa ukoo: mwaka 1987 alirekodiwa akiserereka na Toyota yake kwenye barabara za milimani, mkanda ukaitwa Pluspy, naye akasimamishiwa leseni ya mbio. James Deane wa Ireland alitwaa ubingwa wa Formula Drift ya Marekani mwaka 2017, 2018 na 2019, kisha tena 2024. Fredric Aasbø wa Norwei aliutwaa 2015, 2021 na 2022. Ukitajiwa dereva usiyemjua, jibu kwa upole: “Ni mzuri, ila bado hajafika kwa Deane.” Mara nyingi utakuwa umesema kweli.

2. Tazama gari la nyuma. Hapa ndipo utakapowaacha wenzako, kwa hiyo tulia kidogo. Wao watakodolea macho moshi na gari linalotangulia. Drifti haiamuliwi kwa saa wala kwa kufika kwanza. Wapo waamuzi watatu, na magari hushuka mawili mawili. La mbele linatakiwa kupita njia iliyopangwa na kujaza maeneo yaliyochorwa kwenye lami, huku ubavu umetangulia. La nyuma linatakiwa kumganda mwenzake, ligeuke anapogeuka, bila kumvuruga. Kisha wanabadilishana nafasi na kurudia. Wote wawili wakiipita njia vizuri, anayeshinda pambano ni yule aliyefukuza kwa karibu zaidi. Ukiona pengo ambalo boda boda mbili zingepita, tikisa kichwa useme, “Ameachwa.” Gari likinyooka katikati ya kona au likizunguka na kutazama lilikotoka, hapo huna haja ya kusema kitu, hata mhudumu ameona.

Na ukishindwa kuamua? Sema, “Warudie.” Waamuzi wenyewe husema hivyo wasipoona tofauti, na madereva huagizwa kukimbia upya. Ni neno salama kuliko yote katika mchezo huu.

3. Usiiamini kamera ya chini. Drifti na televisheni zimehangaishana tangu Formula Drift ianze kushindaniwa mwaka 2004. Kila mkimbio ni mfupi, halafu unafuata muda mrefu wa kusubiri. Zamani runinga zilitibu ugonjwa huo kwa mkasi: mashindano ya siku nzima yakakatwa yakawa kipindi kifupi, na kile kinachomfundisha mtazamaji kikabaki sakafuni. Leo yanarushwa moja kwa moja kwenye YouTube, kusubiri na kila kitu, na mimi nasema hiyo ndiyo televisheni bora ya drifti iliyowahi kuwapo. Sasa sikia. Kamera iliyowekwa mbali mbele ya magari hulibana pengo, na magari yaliyoachana yakaonekana yamegusana. Baa italipuka kwa shangwe. Wewe nyamaza. Ngoja picha ya juu, ya droni, ile inayoonyesha pengo na pembe kama vilivyo. Ukishaiona ndipo utoe hukumu, polepole, wakati wenzako wanajifuta povu.

4. Tumia majira ya dunia. Long Beach, California, ambako Formula Drift hushindaniwa, iko nyuma yetu kwa saa kumi majira ya mashindano. Jumamosi jioni kwao, kwetu ni usiku wa manane kuamkia Jumapili, Bukoto imelala. Soma matokeo alfajiri. Mchana waalike rafiki zako mtazame marudio, kisha tabiri. Lakini tabiri mapambano mawili tu, na moja ukosee kwa makusudi, kwani mtu asiyekosea huombwa simu yake ikaguliwe.

5. Tangaza kwa Kiganda. Watangazaji wa Kimarekani husema mbio kuliko magari yenyewe. Usiwatafsiri. Fanya wanavyofanya VJ wetu wanaosimulia filamu vibandani, kina VJ Jingo: waambie watu nani yuko taabani na kwa nini. Akitokea mjuaji wa *Tokyo Drift*, ile filamu ya 2006, mwambie kwamba mmoja wa wavuvi wanaoonekana humo ni Tsuchiya mwenyewe. Hapo utanunuliwa kinywaji.

6. Onyesha Toyota Mark II iliyoegeshwa nje. Injini yake huyasukuma magurudumu ya nyuma, na ndugu yake, Toyota Chaser, ni gari lenye heshima katika drifti ya Japani. Mwenye Subaru ataumia, kwa sababu lake huvuta kwa miguu yote minne, na Formula Drift inataka magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Mpoze kwa muchomo. Wazee watakutajia Charles Muhangi, bingwa wa rali wa Afrika mwaka 1999. Simama kwa heshima, kisha kumbusha kwamba rali ina saa na drifti ina macho.

Mwenye hiyo Mark II akitaka kukuonyesha mambo kwenye Northern Bypass, mnyang'anye ufunguo. Sitanii. Barabara ile ina watu wanaovuka kwa miguu na boda zilizobeba watoto, ilhali Deane huserereka mahali palipotengwa kwa mashindano.

7. Akiingia fundi wa soko la Kisekka anayeyajua magari kwa mikono yake, funga mdomo. Muulize swali moja tu: gurudumu la mbele hugeuzwaje hadi likapinda vile bila kugusa bodi? Atakueleza mpaka nyama ipoe. Kula, sikiliza, uliza tena kuhusu breki ya mkono. Jumapili ijayo maneno yake yatakuwa yako.