Liwashe Tu, Betri Isilale

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, hajawahi kuondoa nailoni kwenye viti vya gari lake. Lilitoka nazo bandarini miaka mitatu iliyopita, na nazo zipo. Ukikaa zinalia, ukishuka zinakufuata mgongoni. Kwa hiyo alipopanda treni kwenda Dar es Salaam kwa wiki tatu, akanikabidhi ufunguo na kusema, "Liwashe tu, betri isilale," mtu mwenye akili zake angeelewa. Mimi nilielewa kwamba nimepewa gari.

Siku ya pili mpwa wangu alikuwa anarudi shule ya bweni. Mnaoishi Tabora mnaujua mji huu shule zikifunguliwa. Tangu kabla ya Nyerere kuja kusoma hapa mwaka 1937, sisi kazi yetu ni kupokea watoto wa watu na masanduku yao. Tranka la mpwa wangu ni la bati, la kijani, amelirithi kwa kaka zake wawili, na pembe yake moja imechanika ikatoa ulimi kama kopo la nyanya lililofunguliwa kwa kisu. Buti lilikuwa limejaa spika za shemeji (nazo zimo ndani ya nailoni). Nikaamuru tranka liingie kiti cha nyuma.

Likaingia nusu. Nikalisukuma kwa goti. Ukatoka mlio ambao ulinifanya nifumbe macho kabla sijajua ni wa nini, na nilipoyafumbua, plastiki ya mlango, ile ya kijivu cha mkaa, ilikuwa na mstari mweupe wa shubiri moja na nusu, umenyooka kama umepigwa kwa rula.

Kwa bahati mbaya alikuwepo jirani yangu, mzee wa Kizaramo, mstaafu wa reli. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara, na utani hauna mahakama ya rufaa. Alikuja taratibu, akainama, akaupapasa ule mstari kwa kidole.

"Wazee wenu walibeba pembe za ndovu mabegani mpaka kwetu pwani," alisema. "Leo mmepewa na magurudumu, bado mzigo unawashinda?"

Kinachoudhi ni kwamba alisema kweli. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, kama kilo 32, na hapo hujahesabu mkeka wake na sufuria yake. Njia ya kati ya Bagamoyo na hapa ilikuwa safari ya miezi. Stanley alitoka Bagamoyo Machi 1871 akafika Juni. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora hii, Novemba. Kwetu husimuliwa kwamba babu mzaa babu alikuwa na sugu begani kubwa kama andazi. Nililipeleka lile tranka kwenye mzani wa muuza mahindi. Kilo 29.

Nikaanza matibabu. Mke wangu alinipa dawa ya meno, eti inasugua polepole. Inasugua kweli, lakini plastiki ya mlango si jino. Ina vinyweleo kama ngozi ya machungwa, na dawa iliingia kwenye kila kitundu ikakaukia humo. Asubuhi nilikuwa na mkwaruzo mweupe uliozungukwa na wingu jeupe, na gari lililonukia mnanaa.

Dawa ya pili ilitoka sokoni: karanga za kusaga. Msicheke, hii ilifanya kazi, na fundi bodi mmoja alinieleza sababu nikamwelewa. Plastiki ya ndani ya gari kwa kawaida haikupakwa rangi juu. Rangi imechanganywa humo humo tangu inayeyushwa kiwandani. Kwa hiyo ule weupe si rangi iliyobanduka. Ni kingo za mfereji zilizochanika, zikawa zinatawanya mwanga. Ukiujaza mfereji mafuta, mwanga haupati pa kutawanyikia, na jicho linaona kijivu kitupu. Karanga zina mafuta ya kutosha. Nilipaka, nikafuta, mkwaruzo ukatoweka mbele ya macho yangu. Nilimwita mzee wa Kizaramo aje ashuhudie. Alitazama, akanusa, akasema, "Haya. Tusubiri jua."

Jua la Tabora halihitaji kusubiriwa. Saa nane mchana mkwaruzo ulikuwa umerudi, na umeleta wageni: sisimizi, mstari mmoja, kutoka dirishani mpaka kwenye mfuko wa mlango, wamepanga foleni, kila mmoja na chembe yake ya karanga kichwani. Huo ndio msafara pekee niliowahi kuuongoza.

Nta sitaisimulia kwa kirefu. Tabora ni nchi ya asali, nta si ya kutafuta. Nilipaka, ikajaza mfereji vizuri kuliko karanga, ikanasa vumbi lote la barabara ya Kwihara kwa siku moja, na nyuki wawili walikuja kukagua.

Kosa kubwa lilikuwa la nne. Kijana anayetengeneza simu ana blowa ya kuyeyushia risasi, akanihakikishia kwamba plastiki ikipata joto kidogo inalainika na kingo za mkwaruzo zinalala. Ni kweli, nilishuhudia weupe ukizama na kijivu kikirudi, safari hii bila mafuta. Tatizo ni neno "kidogo". Joto linalolaza kingo ndilo linalolaza na vinyweleo, na katikati ya kazi simu ya kijana iliita. Alipogeuka nyuma, mlango ulikuwa na kipara: duara linalong'aa, la ukubwa wa mfuniko wa chupa ya chai. Nikataka kulifubaza kwa msasa. Sasa likawa kipara chenye ukurutu.

Basi nikaagiza plastiki nzima ya mlango kutoka Dar es Salaam, Ilala, kwenye spea zilizotumika. Nikalipa, nikasubiri. Jioni nilikuwa naenda kukaa nje ya tembe la Livingstone pale Kwihara, maana nilijiona tunafanana. Ujiji alikuta bidhaa zake zimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Hapa Kwihara, Stanley alipomwacha Machi 1872 aende pwani kumtafutia wapagazi, mzee alikaa mpaka Agosti akisubiri watu na vitu kutoka upande uleule ninaousubiri mimi. Yeye alisubiri miezi mitano na zaidi, akapata wapagazi wake. Mimi nilisubiri siku sita, basi likaleta kifurushi kimefungwa vizuri sana kwa gazeti na kamba. Ndani yake kulikuwa na plastiki ya mlango. Wa kushoto. Mlango wangu ni wa kulia. Rangi ya krimu.

Shemeji alirudi Jumapili. Alizunguka gari mara moja, akafungua mlango, akavuta pumzi.

"Mlikuwa mnakula karanga humu?"

"Kidogo," nilisema.

Kisha akaona kipara. Aliweka kidole juu yake, kama mzee wa Kizaramo, akakizungusha polepole.

"Na hapa pamekuwaje, shemeji?"

Ningeweza kumweleza habari za mwanga na mifereji. Nikajikuta nimesema, "Betri haikulala."

Hakugomba. Alikwenda dukani, akarudi na mita mbili za nailoni, akaufunika mlango wote kwa gundi na mkasi, kwa makini sana, huku mzee wa Kizaramo akimshikia mwanga wa simu. Sasa ukiegemea mlango nao unalia.

Ile plastiki ya krimu ninayo bado, chumbani, nyuma ya kabati. Haina mkwaruzo hata mmoja. Mwenye gari lenye mlango wa kushoto wa rangi hiyo aje Ng'ambo, bei tutaelewana. Ila aje na wa kuibeba.