Makipa Wawili wa Mjomba

Kaa simnunui kwa macho. Namgeuza chali, nambonyeza kwa kidole gumba. Gamba likibonyea namrudishia mwenyewe, maana kajivua juzijuzi na ndani mna maji matupu. Akikaza, anaingia tengani. Kazi hii naifanya hapa Nyamisati miaka mingi sasa, nikipanda boti ya mashine kwenda Mbwera maji yakijaa na kurudi nayo, na sijauziwa maji hata siku moja. Nataka hilo lieleweke kwanza, kabla sijaeleza nilivyomwacha Mohamed Salah.

Ligi yetu ya kubuni, ya wachezaji wa Ligi Kuu ya England, ina watu wanane. Si ile ya kwenye simu ambayo kila mtu anapewa pauni milioni 100 za hewani, mkaamka asubuhi nchi nzima mna Haaland. Kwetu Haaland ni mmoja na mwenyewe ni mmoja. Tunaokota karatasi kwenye kofia, namba moja anachagua kwanza, na mzunguko ukirudi anafunga mkia, mpaka kila mtu afikishe wachezaji 15: makipa wawili, mabeki watano, viungo watano, washambuliaji watatu. Majina yanaandikwa kwenye kaunta buku, pointi tunazisoma simuni. Katibu ni mpwa wangu aliyeko Kariakoo, kijana anayesoma mambo mengi kuliko yanayomhusu.

Kuna mwalimu, Arsenal wa kufa, ambaye bila kuzuiwa angechagua hadi daktari wa timu. Kuna nahodha. Kuna kijana wa bodaboda wa njia ya Bungu. Na kuna mzee muuza kahawa, ambaye mpira haumshughulishi sana, ila miaka yote alikuwa na ombi moja: "Nipeni yule anayesujudu." Hatukumpa. Salah alikuwa wangu.

Msimu wa 2023/24 nilikuwa na Salah na nilikuwa na Cole Palmer. Palmer nilimwokota mwanzoni mwa Septemba, alipohama Manchester City kwenda Chelsea, hakuna aliyemtaka. Nilimbonyeza, akakaza. Akamaliza na mabao 22 ya ligi. Nilitembea gatini hapo kama mtu mwenye jahazi lake.

Agosti 2024 tulikuwa kwenye kijito tunarudi kutoka Mbwera, mikoko huku na huku. Mtandao pale unakuja kwa nukta, unapotea kwa saa. Simu ikalia, ujumbe wa sauti. Nikaibandika sikioni, mashine inanguruma, kaa wanagugunana tengani.

"Shikamoo mjomba. Mwaka huu kuna sheria mpya. Kila mtu anabaki na makipa wawili, wengine wote wanarudi kapuni tunachagua upya. Nitumie majina kabla ya Ijumaa."

Nikaona sheria nzuri kabisa. Kila mtu ana makipa wawili, kila mtu abaki na makipa wake wawili, hesabu imekaa. Tena mimi nilikuwa na Alisson wa Liverpool na David Raya wa Arsenal, aliyekuwa ametoka kumaliza mechi 16 za msimu bila kufungwa. Mtandao uliporudi nikatuma majina. Jibu likaja upesi: "Mjomba, una uhakika?"

Nikamtumia kidole gumba.

Ijumaa ya tarehe 16, siku ambayo msimu ulikuwa unafunguliwa usiku, tulikutana baada ya swala kwenye mabenchi ya mzee wa kahawa. Mpwa wangu alikuwa simuni, spika imefunguliwa, akawaita watu mmojammoja. Mwalimu akasema: "Saka na Haaland." Nikacheka moyoni: mwalimu mzima hamjui kipa! Nahodha akasema: "Son na Watkins." Nikaanza kuwaonea huruma. Zamu yangu ilipofika nikakaa sawa, nikatamka kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi yake ya nyumbani: "Alisson na Raya."

Kimya. Mwalimu alinikazia macho hadi akajikuna kidevu. Baadaye aliniambia alidhani nina siri, na alikaribia kubadilisha ya kwake. Mzee wa kahawa hakutafuta siri. Tulipookota karatasi namba moja ilikuwa kwake, na karatasi haijatua benchi ameshasema: "Salah." Kijana wa bodaboda akafuata: "Palmer."

Nikasimama. "Hao wangu mnawapeleka wapi?"

Hapo ndipo spika ilipoeleza, mbele ya watu. Kipa wa mpwa wangu hakuwa golikipa. Lilikuwa neno la Kiingereza: mchezaji wa kubaki naye msimu ujao, asirudi kapuni. Neno amelitoa kwenye besiboli ya Marekani, kwa watu wanaocheza ligi za kubuni kama yetu. Akaanza na kunisimulia kwamba mwaka 1980 bwana mmoja mwandishi, Daniel Okrent, alianzisha ligi ya namna hiyo na marafiki zake kwenye mgahawa mmoja wa New York, La Rotisserie Française. Nikamuuliza swali moja tu: kwenye besiboli kuna magoli? Akasema hakuna. Sasa mchezo hauna goli, kipa wa nini?

Nikaomba turudie. Mzee akainua dele lake. "Mwanangu, kahawa niliyokwisha mimina hairudi humu."

Kibaya zaidi, kwenye wachezaji 11 wa kila wiki anapangwa kipa mmoja tu. Hazina zangu zilikuwa mbili, na moja lazima ikae benchi.

Septemba 28 nilikuwa kibanda umiza, Chelsea na Brighton. Palmer alifunga manne kabla ya mapumziko. Manne, kipindi cha kwanza, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na mtu yeyote tangu Ligi Kuu ya England ianze mwaka 1992. La tatu lilipoingia, kijana wa bodaboda alikuja kunikumbatia. Jumamosi iliyofuata, Oktoba 5, nikajiliwaza kwamba Alisson hafungwi, na kweli Crystal Palace hawakumfunga. Alishika msuli wa paja, akatolewa, akakaa nje wiki kadhaa.

Salah akamaliza msimu na mabao 29 na pasi 18 za mabao, Liverpool wakachukua ubingwa. Mzee alikuwa amejiwekea nadhiri: kila bao la Salah, kikombe cha bure kwa kila mwanaligi. Hakunibagua. Nimekunywa vikombe 29, na tangawizi ndani.

Mwaka jana, 2025, nilimfuata mzee mapema, kabla ya Agosti. Safari hii mpwa wangu alikuwa ameandika kwa herufi, tena kubwa: WACHEZAJI WAWILI WA KUBAKI NAO, WA NAFASI YOYOTE, MJOMBA. Nikamtaka mzee aniuzie Salah. Akanywa kahawa yake kwanza. Akasema tenga moja la kaa, wakubwa, wazima, wamefungwa vizuri. Sikuteta. Niliwachagua mwenyewe, mmoja mmoja, kwa gumba. Salah alikuwa na miaka 33 wakati huo, sikumbonyeza.

Agosti 15 alifunga dhidi ya Bournemouth, nikawanunulia watu wote kahawa. Ikaja Septemba, ikaja Oktoba, sikununua sana. Novemba 30 Liverpool wakaenda kwa West Ham. Nilikaa mbele kabisa kibandani, na kamera ikanionyesha mtu wangu amekaa benchi. Alikaa pale dakika zote 90, Liverpool wakashinda bila yeye.

Asubuhi nikapita kwa mzee. Akanimiminia bila kuniuliza. Kaa yeye hali, nikataka kujua lile tenga alilipeleka wapi. Akasema alimuuzia mnunuzi mwenzangu wa hapohapo gatini, siku ileile.

"Aliwapima?"

"Aliwabonyeza wote," akasema. "Hakurudisha hata mmoja."