Barua ya Wazi kwa Kamati ya Harusi, Kabla Haijavunjwa

Mheshimiwa Mwenyekiti, Makamu, Katibu, Mweka Hazina na wajumbe wote,
Kamati ya Maandalizi ya Harusi,
Dar es Salaam.

YAH: SALIO LA MTU WA VIDEO

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini barua hii itawakuta mu wazima wa afya, mmepumzika vya kutosha, na kidole cha Mweka Hazina kimepona baada ya kazi nzito ya kukumbusha watu ahadi zao kila alfajiri kwenye kundi la WhatsApp.

Kwanza niweke heshima mahali pake. Wenzetu wanaotengeneza filamu wana Bodi ya Filamu, inayotokana na sheria ya mwaka 1976. Wakiwa na malalamiko wanajua mlango wa kugonga. Sisi tunaorekodi harusi mamlaka yetu ni ninyi. Mnapanga bajeti, mnakusanya kodi, mnawatoza faini wachelewaji wa vikao, mna muhtasari unaothibitishwa na yatokanayo yanayojadiliwa mpaka saa 4 usiku. Sijaona chombo kingine kinachomfanya mtu wa Mbagala amchangie binti wa Tegeta asiyemjua, tena kwa awamu, bila askari hata mmoja.

Bajeti yenu niliiona, maana Katibu aliituma kwenye namba yangu akidhani ni ya mpishi. Juu kabisa upo ukumbi. Inafuata chakula, vinywaji, mapambo, keki, MC, muziki, matarumbeta, gari la maharusi, nguo za wasimamizi, ndafu. Halafu kuna mstari umeandikwa "Dharura". Chini ya Dharura ndipo tulipo sisi: "Picha na video (waongee wapunguze)". Sikuchukia kuwekwa chini ya Dharura. Nilichojifunza usiku wa harusi ni kwamba dharura ikitokea inashuka kuja kwetu. Ilitokea. Bia ziliisha.

Nakumbuka pia kikao mlichoniita kujieleza. Mjumbe mmoja, kwa upole kabisa, aliuliza inakuwaje kubonyeza kitufe kugharimu 1,200,000, na mama mmoja akaongeza kwamba mtoto wa dada yake ana simu yenye kamera tatu. Nikajaribu kueleza. Kamera moja ikirekodi 4K kwa kiwango cha megabiti 100 kwa sekunde inajaza gigabaiti 45 kila saa. Mlitaka kamera mbili, kuanzia saluni mpaka maharusi wanapopanda gari usiku, saa 10 kwa hesabu ya ratiba yenu. Hizo ni gigabaiti 900, na mtu mwenye akili zake anazinakili kwenye diski ya pili kabla hajalala. Nilipofika kwenye kuhariri niliona macho ya wajumbe yamehamia kwenye sinia la sambusa, nikakaa.

Sasa niende kwenye hoja zenu, maana baada ya kuona video mmenitumia malalamiko, na si haki niyaache bila majibu.

Mnauliza kwa nini bibi harusi amekuwa wa zambarau. Amekuwa wa zambarau kwa sababu mlimlipa mpambaji aweke taa za zambarau. Ziliwekwa ukutani, zikawekwa juu, zikawekwa chini ya meza kuu zikimmulika kidevuni. Nilikwenda na taa yangu nyeupe, nikaisimamisha pembeni, na mpambaji akaiondoa kwa sababu "inaua mapambo". Nikakata rufaa kwa Makamu Mwenyekiti, naye akaamua kwamba mapambo yamelipiwa milioni 3, kwa hiyo yana haki kuliko mimi. Uamuzi niliupokea. Ile mistari myeusi inayopanda na kushuka kwenye picha nayo mmeiita ubovu wa kamera. Umeme wetu unakwenda kwa hezi 50, ndiyo maana tunarekodi picha 25 kwa sekunde na kufungua shata kwa sehemu ya 50 ya sekunde, ili kamera na taa za ukumbi zipatane. Lakini taa za bei rahisi, ukizipunguza mwanga kwa rimoti, zinawaka na kuzima kwa mwendo wake zenyewe, upesi kiasi kwamba jicho halioni. Kamera inaona. Kamera haina adabu ya kutazama pembeni kama wageni waalikwa.

Mnauliza kwa nini nasaha za baba mzazi zinasikika kama anazungumza ndani ya pipa. Waya wangu wa sauti ulikuwa umechomekwa kwenye mikisa ya fundi muziki. Ulichomolewa ili ichajiwe simu ya Katibu. Nina picha ya tukio hilo, ya zambarau.

Mnauliza ilipo pete, ile sekunde inapoingia kidoleni. Ipo nyuma ya kishikwambi cha mjomba. Mchungaji alinikataza kuvuka ngazi ya altare, nami nikatii na kusimama alipoelekeza. Mjomba hakukatazwa na mtu. Video yake naambiwa imetoka vizuri sana.

Kuhusu ndege nyuki: mlitaka ipae juu ya Azania Front ionyeshe kanisa, bahari na msafara wa magari kwa pamoja. Ni wazo zuri. Kurusha kifaa hicho kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kanisa hilo liko Kivukoni, barabara ile ile inayoelekea Ikulu ya Magogoni. Niliwaeleza haya wiki mbili kabla. Mkanijibu kwamba harusi ya Kinondoni mliyohudhuria ilikuwa nayo. Sawa, ila Kinondoni hakuna Ikulu.

Kuhusu YouTube: mnasema nimewafungia sauti ili niwakomeshe. Mlichagua wenyewe wimbo wa Bongo Fleva uliokuwa unavuma, mkataka upigwe kuanzia mwanzo hadi mwisho. YouTube ina mfumo unaoutambua wimbo kwa kuusikiliza na kumpa taarifa mwenye nao, na sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 nayo iko upande wake. Msanii yule anakula kwa wimbo wake. Nilifurahi kidogo, nakiri, kuona kuna mtu wa sanaa ambaye kamati imeshindwa kumwambia apunguze.

Kuhusu chakula sina neno. Wajumbe walituambia tusubiri wageni wamalize, tukasubiri. Wageni walipomaliza mlituambia chakula nacho kimemaliza.

Niseme kidogo juu ya marekebisho mliyoomba, kwa sababu ndiyo yanayonipa kazi mpaka leo. Shangazi apunguzwe unene: nimejaribu, ukuta wa nyuma yake umepinda. Msimamizi wa kwanza aondolewe kwa kuwa amekosana na bwana harusi tangu Jumatatu: alisimama katikati ya maharusi kwenye kila tukio, nikimwondoa linabaki shimo lenye tai. Kisha Mweka Hazina akaniletea orodha, imepigwa chapa na kusainiwa, ya watu walioahidi hawakulipa, na agizo kwamba wasionekane kwenye video hata wakipita kwa mbali. Nikauliza, kwa unyenyekevu, kama agizo linawahusu pia wadaiwa wa upande wa kamati. Kikao kikaahirishwa.

Hapo ndipo penye barua yenyewe, waheshimiwa. Nimesikia Jumamosi mnavunja kamati. Mbuzi wawili wameshanunuliwa, ukumbi mdogo wa Sinza umeshalipiwa, na fedha imetoka kwenye fungu lililobaki, ingawa mimi niliambiwa hakuna kilichobaki. Sina ugomvi na mbuzi. Ninachoogopa ni kuvunjwa kwenyewe.

Kampuni ikifilisika anateuliwa mfilisi, na wadai wanapanga foleni. Mtu akifariki, pale pale makaburini msemaji wa familia anasimama na kutangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Kamati ya harusi peke yake ndiyo inayojipangia siku ya kufa, inajichinjia mbuzi wa arobaini yake, inacheza kwaito kwenye msiba wake, na kesho yake haina ndugu wala mrithi. Nalijua hili kwa kamati zilizowatangulia. Ukimpigia bwana harusi anasema, "Kaka, hayo ni ya kamati." Ukimpigia Mwenyekiti anasema, "Mdogo wangu, kamati ilishavunjwa, ongea na maharusi." Maharusi wako fungate Zanzibar. Simu ya Mweka Hazina inaita mpaka inakatika yenyewe. Deni limebaki hai, aliyekopa hayupo, na mimi nimekaa na diski mbili zilizojaa nyuso za watu wanaocheka.

Mmoja wenu aliniambia nisiikabidhi video mpaka nilipwe. Ushauri mzuri, ila aliutoa baada ya Katibu kuichukua ampelekee mama mkwe aliyekuwa anasafiri asubuhi kwenda Bukoba.

Basi naomba jambo moja dogo, tena la kihasibu. Jana nimeunganishwa, bila kuulizwa, kwenye kundi jipya la WhatsApp la sendofu ya binti wa Mwenyekiti. Mwenyekiti ni mlezi, Mweka Hazina ni yule yule, na hata picha ya kundi ni ile ile, jina tu limebadilishwa. Nimejiona namba 41 kwenye orodha: "Mtu wa video. Ahadi: 100,000. Amelipa: 0." Chini yake mmeandika kwamba nitarekodi kwa bei ya familia.

Ahadi hiyo siikatai, japo sikuitoa. Tulikubaliana 1,200,000, nikapokea 500,000, nawadai 700,000. Itoeni 100,000 humo humo. Salio langu libaki 600,000, na kwenye orodha mnisahihishe kabla ya kikao cha Jumapili, kwa herufi kubwa kama mnavyowafanyia wengine: AMEMALIZA.

Wenu katika ujenzi wa harusi,

Mtu wa Video

Nakala:
Mpambaji (arudishe taa yangu)
Mjomba mwenye kishikwambi (naomba ile sekunde ya pete)
Mweka Hazina, kwa namba zake zote tatu