Kifua Kwanza, Rangi Baadaye: Namna ya Kuchagua Mkoba wa Maji

Dada yangu wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, wewe unayetoka Njanja alfajiri kabla pikipiki hazijaamka, ukapita kando ya uwanja wa TP Mazembe ukielekea njia za vumbi nje ya mji: kabla hujatoa hata dola moja kununua mkoba wa maji, nisikilize. Mikoba mingi iliyoko sokoni imekatwa kwa kipimo cha kifua bapa cha mwanamume, ikapunguzwa kidogo, ikapakwa rangi ya waridi, ikabandikwa alama ya wanawake. Waridi hilo halijawahi kuzuia mkanda kuchubua titi la mtu.

Basi rangi iache mwisho kabisa, hata baada ya bei.

Mkoba wenyewe una asili yake. Mwaka 1988 kule Texas, Michael Eidson, mhudumu wa gari la wagonjwa, aliingia mashindano ya baiskeli ya maili 100 katika joto kali. Alichukua mfuko wa dripu, akaujaza maji, akautia ndani ya soksi ndefu, akaubana mgongoni na kuupitishia mrija begani. Ulikuwa werevu mkubwa, na ulikuwa werevu wa mgongo wa mwanamume. Sidiria ya michezo ilikuwa tayari na miaka 11: Lisa Lindahl, Polly Smith na Hinda Miller waliishona mwaka 1977 huko Vermont, ya kwanza wakiiunga kutoka vishikizi viwili vya nyeti za wanamichezo wa kiume. Vitu hivyo viwili vilichukua miaka mingi kabla ya kujuana, na mpaka leo katika maduka mengi bado havisalimiani. Kazi ya kuvikutanisha ni yako.

Kwa hiyo nenda dukani umevaa sidiria ile ile utakayokimbia nayo. Kupima mkoba juu ya blauzi ya kwendea ibada ni kujidanganya. Beba utepe wa kupimia, zungushia kifua pale kilipojaa zaidi, kisha zungushia mbavu chini ya matiti. Namba hizo mbili ndizo zinazokuchagulia saizi. Urefu wako na uzito wako haviingii hapa, na muuzaji anayekutazama juu mpaka chini kisha kusema "wewe ni M" anabahatisha. Mwite papa kwa heshima, halafu mwulize: mikanda ya mbele inasogea juu na chini, au imeshonwa mahali pamoja? Ubavuni kuna kamba za kukaza? Akijibu kwa kukutajia lita, mshukuru na utoke.

Mikanda hiyo ya mbele ndiyo roho ya jambo lote. Unataka miwili, mmoja ukae juu ya matiti, mwingine chini yake, na kila mmoja uweze kuteleza hadi mahali pake. Mkanda mmoja unaokatiza katikati utakubana usipumue au utapanda mpaka kooni. Halafu kuna zile chupa laini za nusu lita zinazokaa mbele. Zikijaa huwa ngumu, na mifuko yake mara nyingi imewekwa palepale ambapo titi limekwisha kukaa. Matiti ukikimbia yanakwenda juu na chini, kushoto na kulia, mbele na nyuma; ukiyagandamiza kwa chupa ngumu, kilomita chache zinatosha kukuharibia Jumapili. Tafuta mifuko iliyopanda karibu na mfupa wa bega, au iliyoshuka mbavuni. Ikiwa hakuna, achana na chupa za mbele, uchague kiriba cha mgongoni chenye mrija.

Sasa jaribio lenyewe. Lita moja ya maji ni kilo moja, na mkoba mtupu unampendeza kila mtu. Omba maji, ujaze, uvae, uruke mbele ya duka mara nyingi kuliko adabu inavyoruhusu. Inua mikono. Inama kama unafunga kamba za kiatu. Wapita njia watacheka, watauliza kama kuna moto. Waache: hapa ndipo nyumbani kwa TP Mazembe, klabu ya soka ambayo timu yake ya wanawake ilitwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika nchini Morocco mwezi Novemba 2024, na mwanamke anayekimbia si habari mpya katika mtaa huu. Wewe sikiliza mgongo. Mkoba ukirukaruka nyuma yako kwa mdundo wake mwenyewe, umwachie mwenye duka. Maji yakigonga kwa kelele, geuza kiriba chini juu, unyonye hewa yote kwa mrija, halafu ujaribu tena. Mara nyingi ni hewa tu.

Mama zetu wanalijua somo hili bila duka. Mtoto akifungwa kwa kikwembe huwekwa juu, akabanwa mwili kwa mwili, uzito ukagawanywa kifuani na kiunoni, na mama anaenda soko anarudi bila mtoto kuyumba. Mkoba mzuri hukaa hivyohivyo: juu, kati ya mabega, umeshikamana na mbavu. Ukining'inia mpaka kiunoni, huo ni wa kwendea shule.

Na kama umeshanunua ule mbaya, au umetumiwa na shemeji aliyeko Ulaya ambaye hukuweza kumkatalia, mpelekee fundi wa cherehani. Hamisha kishikio cha mkanda sentimita tatu juu, toa mifuko ya chupa, funika mshono wa kwapani kwa kitambaa laini. Simama hapo hapo umeuvaa mkoba juu ya sidiria yako ya kukimbilia wakati anaweka alama kwa chaki, hata kama fundi ana haya. Nguo za harusi huwa unazipima mara nne. Hiki ni kitu utakachovaa kila wiki. Kwapani na chini ya ukingo wa sidiria paka vaselini kabla ya kutoka, kwa maana jasho likikauka linaacha chumvi, na chumvi na mshono vikikutana ngozi ndiyo inayolipa.

Usije ukafikiri maji utayapata huko mbele. Ukishaiacha barabara ya Kipushi na kuingia kati ya miti na vichuguu virefu kuliko mtu, hakuna mama wa kuuza maji ya mfuko. Mji wetu uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na wakati wa kiangazi hewa ni kavu kiasi kwamba jasho linatoweka kabla hujaliona. Mwezi wa Juni unatoka nyumbani unatetemeka na bado unarudi umekauka. Mto ulio karibu na mgodi au kiwanda usiuguse kabisa. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi metali. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga, na kobalti waliyoikuta ilikuwa nyingi mno. Mwili wako tayari unabeba vumbi la mji huu. Maji ya kunywa yatoke nyumbani, safi.

Lakini mkoba wa lita mbili si amri ya kunywa lita mbili. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488, na asilimia 13 walikutwa na sodiamu pungufu, hali inayoweza kuua. Dalili kubwa ya hatari ilikuwa kumaliza mbio ukiwa mzito kuliko ulivyoanza. Kunywa ukiwa na kiu. Kwa saa moja nusu lita inawatosha wengi, mwezi wa Oktoba ongeza. Ukienda mbali, beba kitu chenye chumvi. Na maji yanapopungua, kaza kamba za ubavuni, maana mkoba uliokukaa vizuri ukiwa umejaa utaanza kucheza ukiwa nusu.

Ukirudi, usiutupe nyuma ya mlango. Suuza kiriba kwa maji ya moto yasiyochemka na magadi kidogo ya kuokea, pitisha maji kwenye mrija, kisha ukining'inize kichwa chini huku ukiweka kijiko ndani kuta zisigusane. Ukungu mweusi ukishaingia kwenye mrija, mrija huo umekwisha. Kinachouleta haraka kuliko vyote ni sukari, kwa hiyo juisi na vinywaji vitamu viende kwenye chupa, kiriba kibaki cha maji matupu. Na mdogo wako wa kiume akikiomba abebee juisi kwenda kutazama mechi ya Mazembe, mpe pesa ya juisi.