Muulize Shangazi Upawa: Wanga wa Sahani na Wanga wa Usiku

*Shikamoo Shangazi. Mwezi wa pili huu nimeacha wanga: ugali na chapati sigusi, wali nagusa tu. Mume wangu kanunua mizani ya jikoni, anataka nipime kila kitu mpaka korosho. Mimi nakadiria kwa macho, na sipungui hata robo kilo. Nani mwenye haki kati yetu?*
*Nakadiria, Tabata*

Marahaba mwanangu. Umefanya vyema kuniandikia mimi na si yule bwana wa ukurasa wa magari, maana siku hizi naye anajitia kujua mapishi, na mkewe ananiambia hajui hata kuchemsha yai.

Swali lako limefika kwa mwenyewe. Mimi nimepika pilau za harusi Tanga miaka arobaini na sijapima hata chembe ya chumvi. Harusi ya watu mia sita, masufuria matano juu ya kuni, mimi nasimama mlangoni nawatazama wageni wanavyoshuka kwenye mabasi. Upande wa bibi harusi wembamba, napunguza nusu frasila ya mchele. Upande wa bwana harusi wana shingo nene, nairudisha. (Frasila ni kama kilo 16, kwa ninyi mliozaliwa na gramu.) Pilau yangu haijawahi kupelea. Ilipelea mara moja tu, na hiyo ni kwa sababu shemeji mmoja alificha sinia zima uvunguni, na jicho la mtu halifiki uvunguni.

Sasa unasema umeacha wanga. Neno hili hunishtua kila nikilisoma, maana kwetu wanga ni wale wanaozunguka usiku bila nguo, na hao hata ukiwaacha wao hawakuachi. Wa sahani nao ni ndugu zao. Umewafukuza mlango wa mbele na ugali, wamerudi dirishani na korosho. Kiganja kimoja cha korosho ni kama gramu 30, na ndani mna wanga gramu 9. Wewe unatafuna viganja vingapi ukiangalia tamthilia? Kikombe cha maziwa kina gramu 12 hivi, kijiko cha chai cha sukari 4, ndizi mbivu gramu 23 katika kila gramu 100 za nyama yake. Wanaojibana kweli hukaa chini ya gramu 50 kwa siku nzima, wengine 20. Na wewe umekazana kumkodolea macho ugali, ambaye alishahama nyumba.

Parachichi nalo mmelisingizia bure. Katika gramu 100 mna wanga kama 9, lakini karibu 7 kati ya hizo ni nyuzinyuzi, zinapita zake bila kuaga. Mti wangu wa parachichi ndio mkubwa mtaa mzima, lakini hayo tuyaache.

Tumrudie mumeo na mizani yake. Huenda anadhani amegundua jambo. Mwambie kabla yake alikuwepo mzee wa London, William Banting, ambaye kazi yake ilikuwa maziko, na ukoo wao ulizika hata wafalme. Mzee alinenepa mpaka akawa anashuka ngazi kinyumenyume. Masikio yalipoanza kuziba akaenda kwa daktari wa masikio, daktari akamwambia ajiepushe kadiri awezavyo na mkate, sukari, viazi na bia. Mwaka 1863 Banting akatoa kijitabu, na humo hasemi "nyama kidogo" wala "mkate kiasi". Anasema nyama wakia nne au tano, mkate mkavu uliochomwa wakia moja. Alianza na ratili 202, akapungua ratili 46. Nami sishangai. Mtu aliyeishi kwa kazi ya majeneza anajua kukadiria kunavyoweza kumuaibisha mbele za watu.

Hapo utaona kama ninamtetea mumeo. Simtetei. Mwanamume anayenunua mizani badala ya kitenge ana kesi yake, tutaisikiliza siku nyingine.

Lakini kuna jambo nitakwambia wewe peke yako, usilitoe nje ya gazeti hili. Mjukuu wangu anasomea lishe chuoni. Alikuja likizo na kimizani chembamba kama daftari, akakiweka juu ya meza yangu, juu ya kitambaa nilichodarizi mwenyewe, akasema: "Bibi, nipakulie gramu 150 za wali, kwa macho." Nikacheka. Nikachota upawa mmoja, nikaongeza nusu, nikasawazisha kwa mgongo wa upawa kama ninavyofanya mbele ya wakwe. Namba zikapanda, zikatulia: 412.

Nikasema betri imekufa. Akaleta pakiti ya sukari ya kilo moja, haijafunguliwa, akaiweka. 1,003. Nikasema pakiti nayo imerogwa. Kisha akili ikanijia. Nikamwambia, "Mimi nimekadiria gramu 150 za mchele. Wewe umepima wali. Mchele ukiiva unakunywa maji, unakuwa karibu mara tatu. Piga hesabu."

Akapiga. Mtoto akanyamaza, maana gramu 150 za mchele zikiiva zinakuja pale pale, 400 na ushee. Nilishinda, na nyumba nzima ilishuhudia. Lakini watoto wa siku hizi hawajui kushindwa kwa adabu. Akasema, "Sawa Bibi, umeshinda. Basi hapo sahanini una wanga gramu 115." Kwa kuwa wali ulioiva una kama 28 katika kila gramu 100. Ningekula zile 150 alizoziomba ningepata 42.

Ndiyo maana nakwambia, ukipima, amua kwanza unapima mchele au wali, ukashikilie hapo hapo. Watu wengi wanapima wali halafu wanasoma hesabu ya mchele, au kinyume chake, kisha wanaigombeza mizani.

Wala usijione mpweke. Mwaka 1992 jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilitoa habari za watu wanene walioapa kwamba wanakula kidogo na hawapungui. Walipochunguzwa kwa vipimo vya maabara, walikuwa wanakula karibu mara mbili ya walichokiandika. Hawakuwa waongo, macho yao ndiyo yalikuwa yanawahurumia. Wakala wa Vipimo anakamata lumbesa ya viazi barabarani, lakini ya sahani yako hakuna wa kuikamata.

Dawa ninazo tatu. Ya kwanza, mkaribishe mama mkwe, mle sinia moja kwa wiki mbili. Hakuna mizani kali kuliko jicho la mkwe, tonge litapungua lenyewe. Ya pili, kila unapofungua pakiti ya korosho piga vigelegele, majirani wajue. Ya tatu ni ya wataalamu wa kisukari, na wameipa jina la Zimbabwe: unapima kwa mkono wako mwenyewe. Ngumi kwa vyakula vya wanga, kiganja bila vidole kwa nyama au samaki, mboga za majani ujazo wa mikono miwili, mafuta ncha ya kidole gumba. Uzuri wa mkono hausahauliki nyumbani. Ila tumia wa kwako. Marehemu mume wangu alikuwa mvuvi wa nyavu, na kwa ngumi yake ungemaliza sufuria.

Na hiyo ncha ya kidole iheshimu. Mafuta hayana wanga, ndiyo, ila kijiko kimoja cha mezani kina kalori 120, na mimi nimewaona ninyi mlioacha wanga mnavyoyamimina.

Mhariri ananionyesha saa. Yeye hunipimia maneno kwa hesabu, na sijawahi kumsikia akikadiria. Basi haraka haraka: pima wiki mbili, lakini vyenye wanga tu, na korosho zimo. Mchicha na mayai achana navyo. Baada ya hapo weka mizani kabatini, kadiria, na kila mwezi itoe siku moja ujiulize. Mjukuu alinilazimisha hivyo hivyo, na siku ya kumi na mbili nilipakua gramu 158. Jicho langu lilikuwa zima tangu mwanzo, ila lilisomeshwa kwa ratili.

*Shangazi, mimi nina kisukari, nachoma insulini. Nami niache wanga kwa kukadiria?*
*Mgonjwa, Korogwe*

Hapana, mwanangu, hapa sina mzaha. Ukipunguza wanga na dozi ikabaki ile ile, sukari inaweza kushuka ukaanguka. Nenda kwanza kwa daktari wako, mizani mkononi.

Wenye harusi za Desemba waniandikie mapema, masufuria ni matano tu.