Mgeni wa Tatu

Watu wa Kware hawakosei hesabu ya pesa. Mwenye lori la kokoto atakutajia safari zake za wiki nzima bila kufungua daftari, na mama mboga anayajua madeni ya ploti nzima, mlango kwa mlango. Hesabu inayowashinda ni ya watu, tena ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza. Nina saiba ndogo upande huu wa Kitengela, na barua zao hupitia kwangu: za kuomba kazi EPZ, za kumwomba radhi mwalimu mkuu, za kumsihi landilodi avute subira mpaka mwisho wa mwezi. Kwa shilingi kumi ukurasa nimeshaona mengi.

Jumamosi moja aliingia jirani yangu, fundi wa mawe, akiwa na mkewe. Walikuwa wametimiza miaka kumi ya ndoa na wameamua, kwa mara ya kwanza, kwenda kulala mahali ambapo chai hupikwa na mtu mwingine: loji moja kule Amboseli. Fundi alikuwa amekwisha kuandika barua pepe mwenyewe kwa simu, majibu yamekuja, na alichotaka kwangu ni kuchapishiwa tu. Nikaifungua, nikaisoma kimoyomoyo, nikatamani stima ipotee. Karani wa loji, Mzungu kwa jina, alikuwa akiuliza kwa adabu zote: huyo mgeni wa tatu ni nani, na je, atalala chumba kimoja na hao wawili au atataka chake?

"Soma kwa sauti," mama akasema. "Pesa ni zetu sote."

Nikasoma, nikatafsiri. Mama akamgeukia mumewe polepole, akamtazama kama fundi anavyotazama jiwe analoshuku lina ufa.

"Baba watoto, wa tatu ni nani?"

"Wa tatu nani?"

"Si ndiyo nakuuliza."

Fundi akaapa kwa mamake, kisha akaapa kwa nyundo yake. Ikabidi nishuke chini kwenye barua aliyotuma yeye, na hapo nikamwona huyo mgeni. Aliandika hivi: "We shall come with my wife." Tahajia safi, nukta mahali pake.

Sasa, mtu akikwambia kwa Kiswahili "Tutakuja na mke wangu", humwandalii viti vitatu. Ile "tu-" imeshampakia mke garini mapema. "Na" inakuja nyuma kumtaja tu, usije ukadhani ni abiria mwingine. Mkikuyu ana "na" yake hiyohiyo, Mkamba vilevile, kwa hiyo hata ukikikimbia Kiswahili hapa Kware utaangukia palepale. Warusi nao husema "sisi na mke wangu" wakimaanisha watu wawili, na fundi wangu angeandikia hoteli ya Moscow kwa Kirusi asingeulizwa chochote. Mwingereza ni mgumu zaidi. Kwake yeye "we" imeshafunga hesabu kabla mke hajatajwa: mimi na angalau mmoja. Ikifika "with", inaongeza juu yake. Wawili na mke, watatu. Karani wa watu hakuwa na nia ya kuvunja nyumba ya mtu. Alikuwa akipanga vitanda.

Nikamweleza mama hayo yote, kwa mifano. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza mumewe amenilipa ngapi.

"Na kama shida ni Kiingereza," akaendelea, "mbona hakikusema watu wanne? Mbona watano hapana? Kimejuaje kwamba ni mmoja tu?"

Swali hilo sikulipatia jibu, na sidhani vitabu vya sarufi wanavyouza pale stejini vinalo.

Fundi akauliza kama ni lazima kumwandikia huyo mtu kwa Kiingereza. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inazifanya Kiswahili na Kiingereza zote mbili kuwa lugha rasmi, na hata loji iko Kajiado, haiko Uingereza. Hoja ilikuwa nzuri, lakini karani ndiye aliyeshika funguo za chumba. Basi nikaandika upya: "My wife and I shall come." Fundi akainama kwenye skrini.

"Mbona yeye ndiye anaanza? Aliyelipa ni mimi."

"Mwache aandike," mama akasema.

Ndivyo Kiingereza kilivyo: anayezungumza hujitaja mwisho, kwa heshima. Kiswahili hakina haya hiyo. "Mimi na mke wangu", "mimi na wewe", mimi hukaa kiti cha mbele na hakuna anayenuna.

Wakati huo wote alikuwa amekaa kwenye benchi, akingoja zamu yake, mwalimu mmoja mstaafu mwenye ploti nyuma ya stoo ya mbao. Alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha. Yeye ni wa enzi za shule ambako mtoto aliyesikika akiongea lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni, akatembea nacho mpaka amnase mwenzake. Katika shule hizo, aliyesema "Me and John went" alichapwa, akafundishwa "John and I went". Somo lilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba fimbo haielezi sababu. Watoto walitoka darasani wakiamini kwamba "me" ni tusi, na kwamba popote penye "and" msomi huweka "I". Leo hao watoto ni mameneja na maaskofu, na wanatuandikia "between you and I" kwenye kadi za harusi bila kupepesa jicho.

Dawa yake ni nyepesi, ningempa mtu yeyote bure: mtoe mwenzako kwenye sentensi, usikilize kinachobaki. Huwezi kusema "They invited I", kwa hiyo usiseme "They invited my wife and I". Nilipotoa mfano huo mama alikuwa bado amesimama pale. Hakufurahia mtihani unaoanza kwa kumtoa mke.

Mwalimu naye hakukubali. Akanikumbusha kwamba Shakespeare mwenyewe, katika barua ya Antonio kwa Bassanio kwenye The Merchant of Venice, aliandika "between you and I". Ni kweli, ameandika. Nikamjibu kwamba Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia hiyo, ikatoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, hakuwa na haja ya kuchagua kati ya "I" na "me", maana kwa Kiswahili mimi ni mimi tu, nikipiga au nikipigwa. Mwalimu akasema Nyerere alikuwa mwalimu, mimi ni saiba.

Huwa nina silaha moja ya akiba kwa wateja wanaobisha nikiwatoza hela ya kusahihisha. Kule jimbo la Maine, Marekani, madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy walidai malipo ya saa za ziada. Sheria iliorodhesha kazi zisizolipiwa ziada, na mwishoni mwa orodha palikuwa na "or" ambayo kabla yake hapakuwekwa mkato. Haikujulikana kama kufunga mizigo na kuisambaza ni kazi mbili, au ni kufunga tu, kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikaona utata huo uwafae madereva, na mwaka uliofuata kampuni ikakubali kutoa dola milioni 5. Nikishaisimulia hiyo, mteja huongeza ishirini. Mwalimu hakuongeza.

Fundi na mkewe walikwenda. Ofisi ya loji ilirekebisha hesabu, lakini jikoni habari hazikufika. Walikuta meza ya watu watatu. Mama akaweka mkoba wake kwenye kiti cha tatu, na mayai ya mkoba wakayala wao. Ananisalimia vizuri siku hizi. Fundi bado anatumwa dukani peke yake kwa mashaka.

Mwalimu, kumbe, alikuwa ameleta tangazo la wapangaji. "Rent to be paid to the caretaker or I." Nikamwambia iwe "or me". Akasema yeye amefundisha Kiingereza kabla sijazaliwa, nichape kilichoandikwa. Nikachapa. Likabandikwa getini.

Tarehe tano, keateka akamkuta makanga wa chumba cha mwisho amesimama mbele ya tangazo, analisoma kwa sauti.

"Hii 'I' ni nani?"

"Ni mwenye ploti."

"Mwenye ploti ni 'he'. Anayesoma hapa ni mimi. 'I' ni mimi." Akagusa mfuko wa shati, akaupapasa. "Basi nimeshajilipa. Risiti nitajiandikia jioni."

Kufikia usiku nusu ya ploti walikuwa wamelisoma tangazo kwa sauti na kujilipa. Asubuhi mwalimu akaja saiba amefura, akaniamuru niweke "or me". Likabandikwa la pili. Makanga akalisoma, akasema "me" pia ni yeye, tena hiyo hata mtoto wa nasari anaijua.

Tangazo la tatu lina namba ya M-Pesa tu, tarakimu tupu. Makanga amelikagua juu hadi chini, amekosa pa kushika, na sasa anataka kuambiwa kama kodi inatumwa na ya kutoa.