Pweza wa Seattle na Wanaomwogopa

Ndugu zangu wa Pemba na Mombasa, huku Seattle hakuna anayeulizia supu ya pweza jioni, na wapiga mbizi humtaja kwa sauti ya chini. Tusiwacheke upesi. Pweza wa Puget Sound si yule mnayemchomoa mwambani wakati wa bamvua. Huyu anaweza kufika kilo 50, na akinyoosha mikono hupita mita 4. Mpiga mbizi akichungulia pangoni, mkono hutoka taratibu, ukashika kamera, ukapanda hadi kwenye miwani, pengine ukavuta hata mdomo wa kupumulia. Mtu aliyelipia mafunzo, mtungi na suti ya baridi anajikuta anapekuliwa kama abiria wa uwanja wa ndege. Tena vile vikombe vya mikononi havishiki tu, vinaonja pia.

Hata hivyo, nasema anayepaswa kuogopa hapo ni pweza. Miaka ya 1960, hapo jirani Tacoma, watu waliandaa mashindano ya dunia ya mieleka ya pweza: unazama, unamng'oa pangoni, unamleta juu apimwe, na asiyetumia mtungi anapata alama zaidi. Ya mwaka 1963 yalitazamwa na watu wapatao 5,000. Hiyo "dunia" walijipa wenyewe. Wapemba hawakualikwa, na sababu mnaijua. Mwaka 2012 kijana mmoja alimkamata pweza Seacrest, West Seattle, akampiga ngumi mbele ya wapiga mbizi wenzake, akaondoka naye kwenda kumla. Leseni alikuwa nayo, na sheria ilimruhusu pweza mmoja kwa siku. Watu walikuja juu, na mwaka uliofuata jimbo la Washington likapiga marufuku kuvua pweza katika maeneo 7, Seacrest ikiwemo.

Mtaniambia pweza huyu ana mdomo wa kasuku, mate yenye sumu, na kwamba kwenye jumba la maonyesho ya samaki hapa Seattle aliwahi kuua papa tangini. Kweli tupu, ila papa wale ni wadogo, na hakuna aliyemuuliza pweza kama anataka kuishi nao. Mdomo ule ni msiba kwa kaa na chaza. Mpiga mbizi huumizwa zaidi na kiwewe chake: akipanda juu mbio huku amebana pumzi, hewa hutanuka na kupasua mapafu. Pweza mwenyewe huishi miaka mitatu hadi mitano. Jike hutaga mara moja, hulinda mayai kwa miezi bila kula, kisha hufa. Nafasi ya kuwawinda watalii ataipata wapi?

Na atakayesema sisi walaji hatuna uso wa kumtetea, aulize Kisiwa Panza, huko Pemba, ambako wavuvi wenyewe hufunga miamba kwa muda ili pweza wakue. Kwa hiyo mwenye jamaa anayekuja kuzamia huku amwambie atulie, apumue kama kawaida, amwache mnyama aonje glavu mpaka achoke. Na asiulize bei, Seacrest hawauzi.